Udongo wa Chini ya Jiwe

Pua yangu ni urithi. Mama yangu aliuza maziwa ya ngamia hapa Isiolo tangu kabla sijazaliwa, na nilipomaliza shule nikaona kwamba cheti changu hakinipeleki popote, nilikaa kando yake sokoni nikajifunza kazi isiyo na kitabu. Unafungua kifuniko cha mtungi, unainamisha kichwa, unavuta pumzi moja, basi. Ukivuta mara ya pili umeshajidanganya, kwa sababu pua huzoea upesi. Maziwa yaliyochacha vizuri yana harufu ya moshi tuliofukizia mtungi, na ukali kidogo unaopendeza, na kuna wateja wasiotaka mengine. Yaliyooza ni kitu kingine kabisa. Yakikuingia puani asubuhi, hata chai hainyweki.

Nasema haya mapema ili msomaji anistahimili, maana nitaandika sana juu ya harufu. Mtu mwenye pua ya kawaida anaweza kuishi Bulla Pesa, mtaa wetu, na akalala usingizi mzuri. Mimi nimeishi huko maisha yangu yote na bado sijazoea. Ploti yetu ina vyumba vingi na choo kimoja, na choo hicho kimepasuka upande wa nyuma, kinatoa jasho ukutani. Jirani wa chumba cha tatu huchemsha matumbo kuanzia alfajiri, kisha maji yake huyamwaga kwenye korido, na ukimwambia anakuuliza kama wewe ndiye mwenye ploti. Nzi wetu wamenona mpaka wanashindwa kuruka vizuri. Nimeshagombana na watu wote wa pale, mmoja mmoja, na sijutii hata ugomvi mmoja.

Mama aliacha kuuza maziwa macho yake yalipokwisha. Yalikwisha polepole, kwanza la kushoto, halafu la kulia, na hospitalini tuliambiwa tumechelewa. Hakulia kwa ajili ya macho. Alisema amekwisha kuona vya kutosha, na vingi havikuwa vizuri. Kilichomliza ni swala. Chumba chetu kimepakana na karakana ya mtu wa kuchomelea mageti, na barabarani gari lenye spika hupita likitangaza dawa ya panya na kunguni. Alipokuwa na macho, aliweza kupatazama mahali pa kusujudia na kuyafunga masikio kwa njia hiyo. Sasa kila kelele ilimwingia mzima mzima. Nilimkuta mara nyingi ameketi juu ya msala katikati ya swala, hajui yuko rakaa ya ngapi, anaanza upya, anapotea tena.

"Nikisema Allahu Akbar, huyo wa chuma anaanza," aliniambia siku moja. "Naswali geti."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Nipeleke pale mawe," akasema. "Mara moja tu. Niswali Alasiri moja nikiwa na akili yangu. Baada ya hapo Mungu akinichukua, hakuna shida."

Hakuwa mtu wa kuomba vitu. Alilea watoto, akamzika baba yetu, akabeba mitungi mgongoni miaka ambayo hakukuwa na boda, na sikumbuki akiniomba chochote zaidi ya maji ya kunywa. Nilimwambia nitampeleka. Nikajua papo hapo kwamba nisipompeleka, nitaishi na sauti ile masikioni.

Pale mawe ni mahali nje ya mji, ukielekea upande wa Ngaremara lakini hufiki, unaacha lami na kushuka kwa miguu mpaka kwenye kona ya mto. Mto wenyewe kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, lakini pale kwenye kona kuna mawe meusi makubwa, na chini yake maji hutoka kidogo kidogo mwaka mzima, hata wakati wa ukame. Kuna migunga mitatu mikubwa. Mama alikuwa akienda huko na maziwa yaliyoharibika.

Inabidi nieleze. Kwetu maziwa hayamwagwi popote. Hata yakiwa yameoza, ni maziwa, ni riziki iliyotoka kwa mnyama aliye hai, na huwezi kuyamwaga barabarani watu wakayakanyaga, wala chooni, Mungu apishe mbali. Unayapeleka mahali safi, mbali na nyayo za watu, unayamwaga kwenye shina la mti ukisema Bismillahi. Wanawake wote wa kikundi chetu cha wauza maziwa walifanya hivyo, na wote walipeleka pale mawe, kwa sababu hakukuwa na mahali safi zaidi. Mwenye mtungi ulioharibika alikwenda kwa miguu, akarudi na mtungi mtupu.

Nilipokuwa mdogo Mama alinichukua. Alimwaga maziwa, akaosha mtungi, akatawadha kwenye maji yale ya chini ya mawe, akaswali, kisha akaketi. Alikaa tu. Mimi nilikaa kando yake kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Njiwa walikuja kunywa, wakatuona, wakanywa hata hivyo. Maji yalisikika chini ya jiwe. Hakuna kilichotokea pale hata siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Mungu hakusema kitu, na kunyamaza kwake kulitutosha, kama mtu mzima wa nyumbani anayeketi nanyi chumba kimoja bila kuwauliza chochote. Nimeenda misikiti mizuri tangu wakati ule, yenye mazulia na feni, na sijaipata tena hali ile. Mama akirudi kutoka pale mawe hakugombana na mtu mpaka kesho yake. Baba alikuwa akituambia kama tuna jambo la kumwomba, tumngojee arudi kutoka huko.

Baadaye boda zikaja, na wanawake tukaacha kutembea. Mtungi ukiharibika unamwita kijana, unamwambia, "Peleka pale mawe," na unaendelea na wateja wako. Mimi nikaolewa, nikazaa, nikaachika, nikarudi kwa Mama. Nilipita lamini mara nyingi nikielekea kaskazini kununua maziwa, na sikuwahi kushuka. Nilipenda kujua tu kwamba pako.

Kwa hiyo nilikwenda kwanza peke yangu, kutazama njia itakayomfaa mtu asiyeona. Harufu ilinipokea kabla sijafika kwenye mawe. Nilidhani kuna mnyama amekufa. Nilipofika juu ya kona nikatazama chini, na sikuelewa ninachokiona kwa muda, kwa sababu macho yangu yalikuwa yakitafuta mahali pa zamani.

Mchanga haukuonekana. Kulikuwa na pampas zilizovimba kwa mkojo, mamia, nyingine zimefunguka na kuonyesha kilichomo. Mifuko ya plastiki ilining'inia kwenye miba ya migunga mpaka juu, mieusi, ya bluu, ikipiga makofi kwenye upepo. Matumbo ya mbuzi yalikuwa yamemwagwa na samadi yake ya kijani bado ndani. Ndege wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaokula mizoga, walikuwa wakitembea juu ya uchafu kama wenye nyumba, na mmoja alikuwa akivuta kitu kirefu kisichotaka kukatika. Mabua ya miraa, chupa, viatu, magodoro yenye madoa. Upande wa pili lori la kunyonya vyoo lilikuwa limeegeshwa, bomba lake limeelekezwa mtoni, na mtu wake amesimama akitafuna na kuzungumza na simu huku mavi ya mji yakimwagika kwa kishindo pale nilipofundishwa kunyamaza.

Nilitapika. Nikafuta mdomo kwa mtandio, nikatapika tena.

Kisha hasira ikaja, na sitajifanya ilikuwa hasira ya mtu mwema. Niliwachukia watu wa mji huu. Niliwachukia kina mama wanaofunga pampas ndani ya mfuko na kumpa mtu akatupe bila kuuliza wapi. Niliwachukia wachinjaji, na vijana wa miraa wanaotema mate ya kijani popote walipo. Niliwachukia wale wanaosimama safu ya kwanza msikitini, manukato mpaka kwenye ndevu, na nyumbani kwao taka hutoka usiku kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia Mungu, nikiwa nimeshika pua, kwamba kama angetufutilia mbali sote na kuwaachia njiwa, singekata rufaa.

Nilimweleza kaka yangu. Yeye ni mtu wa magari, ana lori la mizigo na pikapu, na kila tatizo kwake ni suala la kutafuta njia nyingine.

"Hooyo haoni," akasema. Hooyo ndivyo tunavyomwita mama kwetu. "Tafuta mahali popote pako na maji na ndege. Pale kwa hoteli mpya kuna bustani. Nitaongea na meneja."

"Atajua."

"Atajuaje?"

Kusema kweli nilitaka iwezekane. Nilitaka apate Alasiri yake na asijue kamwe. Basi tulimpakia kwenye pikapu ya kaka, amevaa nguo yake safi, ameshika msala mapajani, uso wake una furaha niliyoisahau. Kaka alizungukazunguka njia ya vumbi ili safari ilingane. Tukaingia hotelini kwa geti la nyuma.

Bustani ilikuwa nzuri kwa mtu mwenye macho. Kulikuwa na maji yanayoruka kutoka kwenye samaki wa saruji, na ndege wadogo kwenye maua. Nilimkalisha Mama. Akavuta pumzi moja. Nilimwona akiivuta.

Aliweka kiganja chini, akapapasa, akabana jani la nyasi kati ya vidole viwili, akalivuta. Halikukatika.

"Hii nyasi ni ya plastiki," akasema. "Maji iko na dawa. Na kuna mtu anakunywa pombe karibu na sisi."

Kweli, nyuma ya maua kulikuwa na meza ya wanaume na bia zao.

"Mmenileta hoteli," akasema.

Kaka alijifanya simu yake inalia, akaondoka. Nikabaki mimi. Mama aliuliza pale mawe kuna nini, nikasema pameharibika. Akauliza pameharibika namna gani, nikasema pamechafuka tu, Hooyo, si pa kwenda.

"Wewe maziwa ikiharibika, unanusa mwenyewe ama unaambiwa na mtu?"

"Nanusa mwenyewe."

"Basi nipeleke ninuse mwenyewe."

Kaka alinung'unika kwamba tutamwua mzee. Lakini alituendesha. Alifunga vioo tulipoacha lami, nikavifungua, kwa sababu haikuwa haki tena kumficha.

Alishuka akashika mkono wangu. Akavuta pumzi yake moja. Mimi nilikuwa nimejifunga mtandio puani, kaka amejiziba kwa kiwiko. Mama hakujiziba. Alisimama wima, uso umeelekea mtoni, akaanza kutaja, kwa sauti ileile aliyotumia sokoni kuniambia mtungi upi urudi na upi ukae.

"Pampas. Matumbo, ya jana. Choo. Choo mingi."

"Turudi, Hooyo."

"Nipeleke mpaka kwa jiwe kubwa."

Nikampeleka. Kila nilipoweka mguu wake nilitafuta kwanza mahali, na mara mbili hapakuwepo, ikabidi nikanyage mimi na yeye akanyage juu ya kiatu changu. Kitu kilipasuka chini ya soli yangu na kikanirukia kwenye kifundo. Tulifika kwenye jiwe. Nikapiga kelele ndege wale wa upara waondoke, wakasogea kidogo tu, bila haraka, wakatutazama.

Mama aliketi. Akauliza habari ya maji.

"Yapo," nikasema. "Yana povu. Rangi yake ni ya kijivu."

"Na inanuka."

"Inanuka."

"Basi haifai kutawadha. Nitafutie udongo."

Maji yakikosekana unatayamamu kwa udongo safi, hilo kila Mwislamu analijua. Nilitafuta udongo safi katika kona nzima ile na sikuupata. Pasipokuwa na taka palikuwa na mate, pasipokuwa na mate palikuwa na mkojo. Nilizunguka nikitukana chini chini. Mwishowe nililiinamia jiwe lililokuwa la ukubwa wa meza ndogo, nikalisukuma kwa mguu, halikwenda. Nikamwita kaka. Alikuja amekunja uso, tukalisukuma pamoja, likapinduka.

Chini yake palikuwa na udongo mweusi, una unyevu pembeni na vumbi laini katikati. Mdudu mmoja mdogo alikimbia. Hakuna kitu kingine kilichokuwa pale. Nilipiga magoti nikaunusa kabla ya kujua ninachofanya, na ulinuka mvua ya kwanza. Ulikuwa umekaa hapo chini miaka yote, hakuna aliyeutemea.

Nilimleta Mama. Nikamwekea viganja kwenye vumbi lile. Akavipiga, akapangusa uso, akavipiga tena, akapangusa mikono. Kisha akaviacha viganja vyake vimelala juu ya udongo, akatulia.

Upepo uligeuka wakati ule. Sisemi ulikuwa muujiza, upepo hugeuka kila alasiri upande wetu. Lakini kwa muda harufu ilikwenda upande wa pili, na lori la vyoo halikuwepo, na mifuko ikaacha kupiga makofi. Nikasikia maji chini ya mawe. Yalikuwa yakitoka bado, chini ya povu lile, kwa sauti ileile. Nilimtazama mama yangu, vumbi kwenye paji la uso, na nikahisi kifuani jambo nililokuwa nikilihisi nikiwa mtoto, kwamba kuna mtu chumbani na hana haraka na sisi. Kaka alishusha kiwiko.

Halafu upepo ukarudi na mambo yake.

Nilikunjua msala. Nilitaka aswali upesi, kabla moyo wake haujaharibika, kabla wangu haujaharibika. Lakini Mama hakusimama.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Hapa ni jalala?"

Nilielewa swali lake, na kaka pia alilielewa, kwa sababu alianza kutazama viatu vyake. Tulikwenda duksi moja, tukakalia mkeka mmoja kusoma Kurani, na miongoni mwa mambo ya kwanza tuliyoyakariri ni mahali ambapo mtu haswali: makaburini, chooni, jalalani. Nilitaka kumwambia si jalala, ni taka chache zilizoletwa na mvua. Alikuwa ameketi na mikono yake safi, amejitayarisha, na neno langu moja lingempa kile alichokuja kutafuta. Lakini alikuwa ameshanusa. Hakuwa akiuliza kwa kutojua. Alitaka mwanawe aseme.

"Ni jalala, Hooyo."

Akatikisa kichwa taratibu. Akakunja msala mwenyewe, akaupapasa pembe zake zilingane.

Nilidhani tunaondoka. Nilikuwa nimeshamshika kwapani ili kumwinua. Akasema, "Ngoja. Kuna ingine, chini ya hizi zote. Hiyo ni maziwa."

"Ni kumbukumbu zako, Hooyo. Zamani ulimwaga hapa."

"Kumbukumbu hainuki. Hiyo ni maziwa imeoza ndani ya mtungi. Angalia kwa mti."

Nilikwenda kwenye mgunga mkubwa kumridhisha. Nikachukua kijiti nikaanza kusukuma pampas, moja baada ya nyingine, nikiwa nimegeuza uso. Chini ya pampas kulikuwa na mifuko, chini ya mifuko chupa. Na chini ya chupa, kwenye shina lenyewe, mahali ambapo taka za kwanza kabisa zililala, kulikuwa na mitungi. Mitungi ya plastiki ya njano iliyogeuka nyeupe kwa jua, imepasuka, imekandamizwa, mingine bado ina mabaki ndani, mingi kuliko nilivyoweza kuona. Kwenye mikono yake kulikuwa na vitambaa. Kila mwanamke wa kikundi chetu hufunga kitambaa cha rangi yake ili mitungi isipotee sokoni. Niliona kijani, nikaona cha maua ya zambarau, na niliwajua wenyewe wote wawili. Nikaona chekundu. Chekundu ni chetu.

Vijana wa boda walitii neno, na neno letu lilikuwa, peleka pale mawe. Walipeleka. Hakuna aliyewaambia wamwage kwenye shina, waseme Bismillahi, warudishe mtungi. Mtungi ukiwa umepasuka hatukuuulizia hata. Sisi tulikuwa sokoni tumeridhika kwamba heshima ya maziwa imelindwa.

Nilirudi kwa Mama. Alikuwa amesikia plastiki ikigongana.

"Rangi gani?" akauliza.

"Zote."

"Na yetu?"

"Na yetu."

"Mtu akipita aone mtungi imetupwa," akasema, "anajua hapa inatupwa."

Kile kinyaa nilichokuwa nacho tangu siku ile ya kutapika hakikuniacha. Kilibaki kilekile, kooni palepale, ila sasa hakikuwa na mtu wa kumwendea. Nilinusa mikono yangu. Nilinusa mtandio wangu. Wale wa pampas na wale wa matumbo walikuwa wamefuata njia, na njia ilifunguliwa na wanawake wacha Mungu wasiotaka maziwa yakanyagwe.

"Chukua moja," Mama akasema. "Ya kitambaa yetu. Usiioshe."

Kaka alikataa mtungi ule usiingie kwenye gari, kisha akaona uso wa Mama, akautia nyuma mwenyewe. Tulirudi mjini. Alasiri ilikuwa imekwisha nusu. Mama aliswali chumbani, na yule wa chuma alikuwa na kazi nyingi siku ile. Nilimsikia akianza, akipotea, akianza tena. Nilitoka nje nikamwomba jirani wa karakana apumzike kidogo. Aliniuliza kwani leo ni Eid.

Kesho yake nilifika sokoni mapema. Katika kikundi chetu kuna desturi ya zamani kuliko mimi. Mtu akileta maziwa yaliyooza akayaficha kati ya mazuri, hatumtukani wala hatumtozi. Tunauweka mtungi wake katikati, kifuniko wazi, na unakaa hapo mpaka soko liishe. Kila anayepita ananusa. Mwenyewe anakaa nasi, anauza vingine, anasalimiwa. Nimemwona mwanamke mmoja mwenye mdomo mkali kuliko wote akilia bila sauti kwa ajili ya mtungi wazi, na hakurudia tena maisha yake yote.

Niliweka mtungi wenye kitambaa chekundu katikati na kuufungua. Kilichobaki ndani kilikuwa kitu cha kijivu chenye ngozi juu. Walikuja mmoja mmoja, salaam aleikum, aleikum salaam, wakiteremsha mizigo yao, kisha pua zao zikafika. Wakatazamana. Yule wa kitambaa cha zambarau, ambaye kila siku huwalaani vijana wa mji kwa uchafu wao, alijifunika uso kwa mtandio wake.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yetu," nikasema. "Nimeitoa pale mawe. Yako pia iko, nimeiona. Zetu zote ziko chini, na uchafu wa mji uko juu yake."

"Ebu funga hiyo kitu. Wateja watakimbia."

"Siwezi kufunga. Ni Mama ametuma."

Jina la Mama linaheshimiwa pale, nusu yao aliwafundisha kazi. Yule mwanamke alishusha sauti.

"Ametuma useme nini?"

Nikawaambia alivyonituma, neno kwa neno.

"Anauliza, sasa yeye ataswali wapi."